Homa ya ini ya E: Takwimu zaficha ukubwa wa janga Sudan Kusini

KILA homa ya ini aina ya E inapozuka Sudan Kusini, idadi inayotangazwa huwa ni ya mamia au maelfu machache ya wagonjwa. Idadi hiyo huhesabu wale tu waliogeuka macho kuwa manjano na wakafaulu kufika zahanati. Walioambukizwa ni wengi zaidi, na pengo hilo ndilo linaloamua ni nani anayepata chanjo na ni lini.

Virusi vya ugonjwa huu huenea kwa maji ya kunywa yaliyochanganyika na kinyesi. Wengi wa wanaoambukizwa, hasa watoto, hawaonyeshi dalili yoyote. Shirika la Afya Duniani (WHO) limekuwa likikadiria kwamba watu milioni 20 huambukizwa kila mwaka ulimwenguni, ilhali wanaougua kwa dalili ni kama milioni 3.3. Kwa maneno mengine, nyuma ya kila mgonjwa mmoja anayeonekana wamo watano wasioonekana.

Misri ilidhihirisha jambo hilo mapema. Utafiti uliofanywa vijijini katika eneo la Delta ya Nile na kuchapishwa mwaka wa 2000 ulipata kwamba takriban thuluthi mbili ya wakazi walikuwa na alama za virusi hivyo katika damu yao, wengi wao wakiwa wameambukizwa utotoni. Hata hivyo, waliokumbuka kuwahi kuugua walikuwa wachache mno.

Ukipanda mto huo huo kuelekea kusini, hali si ya upole hivyo. Katika kambi za wakimbizi za Maban, Sudan Kusini, mkurupuko ulioanza mwaka wa 2012 ulikuwa umewapata watu zaidi ya 5,000 kufikia mapema mwaka wa 2013. Mwaka huo huo wa 2012 ugonjwa uliripotiwa pia Dadaab, hapa Kenya, ambako wagonjwa walipita 300. Kabla ya hapo, wilaya ya Kitgum kaskazini mwa Uganda ilikuwa imehesabu wagonjwa zaidi ya 10,000 na vifo 160 kati ya 2007 na 2009. Wachunguzi waliofika Kitgum walinyoshea kidole vyombo vya maji vyenye midomo mipana na desturi ya watu wengi kunawa mikono katika karai moja, jambo ambalo familia nyingi za eneo hili huliona kuwa adabu ya mezani.

Wagonjwa wengi hupona bila matibabu maalumu. Balaa ni kwa wajawazito. Mwanamke anayeugua katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito anaweza kufa kwa kiwango cha hadi mmoja kati ya wanne, na mara nyingi mtoto naye hupotea.

Hesabu zenyewe hukusanywa kwa taabu. Zahanati ya kambini haina maabara ya kutambua virusi hivi, kwa hivyo muuguzi huandika tu kwamba mgonjwa ana umanjano. Umanjano huo waweza kutokana na homa ya ini ya aina nyingine, malaria kali au hata homa ya manjano, ugonjwa mwingine kabisa ambao jina lake huwachanganya wengi. Sampuli za damu husafirishwa mbali, na majibu hurudi maambukizi yakiwa yameshaenea.

Ajabu ni kwamba chanjo ipo. Uchina iliiidhinisha mwaka wa 2011 baada ya majaribio yaliyohusisha watu zaidi ya 100,000. Mwaka wa 2015 WHO ilishauri kwamba mataifa yafikirie kuitumia pale ugonjwa unapozuka. Lakini ilichukua hadi Machi 2022 kabla ya chanjo hiyo kutumiwa kwa mara ya kwanza kukabiliana na mkurupuko, katika kambi ya Bentiu, jimbo la Unity, kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya ya Sudan Kusini na Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka (MSF). Takriban watu 25,000, wakiwemo wajawazito, walipata angalau dozi mbili. Ugonjwa ulikuwa umekuwepo kambini humo tangu 2015.

Miaka hiyo saba haiwezi kuelezwa kwa uhaba wa fedha pekee. Ugonjwa unaohesabiwa kwa mamia hauna nguvu ya kushindana na kipindupindu au surua mbele ya wafadhili. Kungoja mkurupuko uthibitishwe pia ni kuchelewa, kwa sababu chanjo hutolewa kwa dozi tatu katika muda wa miezi sita, muda unaotosha mimba kufikia hatua ya hatari.

Somo la Bentiu lilipelekwa Fangak, jimbo la Jonglei, eneo la vinamasi linalofikika kwa ndege ndogo na mashua. Huko kampeni ililenga wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, na ilianza mkurupuko ukiwa bado mkali. Mnamo Mei 3, 2025, hospitali ya MSF katika mji wa Old Fangak ilishambuliwa kwa mabomu, ghala lake la dawa likateketea, na wakazi wakakimbilia vinamasini, ambako maji ya kunywa ni yale yale yanayowazunguka.