*MSANII KIJANA SI MPAMBAJI WA MKUTANO*



Vijiweni hapa Mlali inasemwa kuwa vijana wa singeli na Bongo Fleva wanaua utamaduni wetu. Sisi hatukubaliani.

Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alisikitika kuwa tunaijua rumba na chachacha, lakini hatuijui gombe sugu wala lelemama. Alikuwa na haki. Lakini tukumbuke pia ya kwetu Morogoro: Mbaraka Mwinshehe alilichukua gitaa la umeme na mapigo ya rumba, akayatia Kiswahili na maisha yetu. Mwaka 1970 Morogoro Jazz walipokwenda Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70, walikwenda kwa jina la Tanzania. Chombo kilitoka nje, kauli ilikuwa yetu.

Basi kijana wa leo tusimuulize anatumia kompyuta au ngoma. Tumuulize anasema nini, na amejifunza kwa nani. Wazee wanaojua ngoma za Kiluguru bado tunao.

Kuna na suala la fedha. Mikutanoni turubai hulipiwa, spika hulipiwa, msanii hupewa soda. Tunapendekeza Halmashauri ya Tawi itenge fungu la wasanii kwenye bajeti, walipwe na wasaini, na kila hafla mzee na kijana wapande jukwaa pamoja.

Majina yapelekwe kwa mabalozi wa mashina.

*Katibu wa Tawi, Mlali*