Mtafiti Asiachwe Peke Yake

Wahenga walinena kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hii huwafunza watoto wa shule za msingi, lakini tufikapo katika masomo ya uzamili na uzamifu tunaisahau, na kila mmoja hutakiwa avunje chawa wake peke yake.

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza ana darasa, ana bweni, ana wenzake wa kugawana nao chai na dhiki. Yule wa uzamili huwa na wenzake katika kipindi cha mihadhara tu. Waanzapo kuandika tasnifu, hutawanyika. Aghalabu yeye ni mwalimu wa shule ya upili anayejilipia karo kutokana na mshahara wake. Mchana yu darasani, jioni yu na watoto wake, na utafiti huufanya wengine walalapo. Akinyamaza miaka miwili, nani amwulizaye?

Nyakati ngumu ndizo hufichua udhaifu wa mpango huu. Mnamo Machi 2020 vyuo vyetu vilifungwa kwa sababu ya korona. Mwaka wa 2025, wahadhiri wa vyuo vya umma tuligoma kwa siku 49 tukidai malimbikizo ya mishahara. Madai yetu yalikuwa ya haki, wala siyajutii. Hata hivyo, mgomo ulipokwisha, wanafunzi wangu wa shahada ya kwanza walirejea darasani. Baadhi ya wale niliokuwa nikiwasimamia tasnifu sijawaona hadi leo.

Nakumbuka mwanafunzi mmoja aliyekuwa akichunguza lahaja ya Kivumba, inayozungumzwa Vanga na Wasini. Aprili 2020, serikali ilipopiga marufuku safari za kuingia na kutoka Nairobi na Kwale, yeye alikwama Nairobi bila data. Alikuwa ameandika barua ya kuacha masomo. Mwenzake wa darasa moja, mwalimu huko huko Kwale, aliposikia habari hizo alichukua hojaji, akavaa barakoa, akaketi uani mbali kidogo na wazee, na kuwanasa sauti kwa simu yake. Barua ile haikuwasilishwa. Tasnifu ilikamilika.

Tunapenda kuwahimiza wanafunzi wawe wastahimilivu, kana kwamba ustahimilivu ni dawa ya kumezwa asubuhi. Mwanafunzi huyo hakuokolewa na ushupavu wake. Aliokolewa na mtu aliyejua jina lake, mada yake na shida yake.

Katika hili akina mama wa vyama vya kuchangiana wametushinda. Katika chama, asiyefika na mchango wake hutafutwa siku iyo hiyo, ijulikane kama amepatwa na ugonjwa au msiba. Je, idara zetu za wasomi zinashindwaje na jambo hilo? Kila idara na itenge siku moja kila mwezi, watafiti wake wakutane, kila mmoja alete kurasa chache alizoandika, na wenzake wazisome. Walio mbali na wajiunge kwa simu. Haihitaji bajeti wala kamati.

Lakini pasiwe na kisingizio. Udugu wa wanafunzi hauwezi kuziba pengo la msimamizi anayekaa na sura ya tasnifu miezi sita bila kuisoma, wala la mtahini asiyerudisha ripoti. Kumwambia mwanafunzi avumilie uzembe wetu ni dhuluma. Sisi wasimamizi tuwe wa kwanza kuhudhuria vikao hivyo, na tuulizwe mbele ya wote tumesoma nini.

Nawe mwalimu uliyeifungia tasnifu yako sandukuni, ujue kwamba hukushindwa kwa kukosa akili. Na wewe unayeendelea, mkumbuke mwenzako wa darasa lile la kwanza ambaye hajasikika tangu mgomo. Mpigie simu leo, umwulize amefika sura ya ngapi.