Kujikwaa Si Kuanguka

Naomba nafasi kidogo niseme juu ya ile amri iliyobandikwa mlangoni pa chumba chetu cha kompyuta: "Usiguse usichofundishwa."

Kompyuta zetu ni kuukuu, nazo hutumia Linux ya maandishi matupu, isiyo na picha. Muhula huu tulipata vioo vipya vipana, na maandishi yakatoka madogo kama sisimizi. Sababu ni kwamba kioo kina nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo, na kila herufi ilichukua nukta 8 kwa 16 tu. Basi mstari mmoja ulibeba herufi 240. Mwenzetu mmoja mwenye macho dhaifu alikaa pua ikigusa kioo, akashindwa kusoma, akaitwa mvivu. Nami nilicheka pamoja na wengine. Leo naona haya.

Kumbe dawa ilikuwa neno moja. Kompyuta iwashwapo, kabla ya Linux huamka programu ndogo iitwayo GRUB, ambayo kazi yake ni kuiita Linux na kuipa maagizo. Orodha ya GRUB ionekanapo, bonyeza herufi e, tafuta mstari unaoanza na neno linux, ongeza mwishoni mwake video=1024x768, kisha bonyeza F10. Tulipofanya hivyo mbele ya mwalimu, mstari ukawa wa herufi 128, nazo zikanenepa. Yule mwenzetu akasoma akiwa ameegemea kiti chake.

Wazazi watauliza, "Je, mtoto akikosea nukta hizo?" Agizo liandikwalo kwa njia ya e halihifadhiwi. Kioo kikiwa cheusi, iwashe kompyuta upya, na mambo yatarudi kama yalivyokuwa. Kulifanya agizo liwe la kudumu ni kazi nyingine: huandikwa katika faili /etc/default/grub, kisha hutolewa amri update-grub, na yote mawili yataka nywila ya msimamizi. Hiyo na ibaki kwa mwalimu.

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Wangaliogopa kugusa, tusingaliipata.

Dereva apandaye kutoka Mombo kuja Lushoto hakujifunza zile kona kwa kukaa kiti cha abiria. Alishika usukani, na mwalimu wake akiwa kando. Kwa hiyo nawaomba walimu wetu waibandue amri ile, na mahali pake waandike: "Jaribu mbele ya mwalimu." Kompyuta na ilinganishwe na macho ya mwanafunzi, wala si macho ya mwanafunzi yaumizwe kwa ajili ya kompyuta.