Mtani Haulizwi Pasipoti

Machi 2024 Simba na Yanga ziliingia pamoja robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, na msimu ule hakukuwa na nchi nyingine yenye timu mbili kati ya zile nane. Simba walipangwa na Al Ahly ya Misri, Yanga wakapewa Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini, na mechi za kwanza zikapigwa Uwanja wa Benjamin Mkapa siku mbili mfululizo, tarehe 29 na 30. Kabla ya mechi hizo waziri wa michezo wa wakati huo, Damas Ndumbaro, alisema Mtanzania atakayevaa jezi ya wageni aonyeshe na pasipoti ya nchi yao. Kauli ile huenda ilikuwa na mzaha ndani yake. Wazo lililo nyuma yake si la mzaha, maana kila timu yetu inapofika mtoano tunalisikia tena kwenye redio na majukwaani: huu si wakati wa Usimba na Uyanga, tuungane, tuvae uzalendo. Toleo hili linahusu mashabiki wa hatua hiyo, na msimamo wa meza ya mhariri ni kwamba shabiki wa Yanga anayewaombea Al Ahly ushindi hajaikosea nchi yake. Anatimiza wajibu wa zamani sana, na ni wajibu ambao watu wa huku Kwashemshi, mkoani Tanga, wana sababu ya kuuelewa kuliko wengi.

Kwashemshi ni nchi ya mkonge. Tangu Richard Hindorf alipouingiza mmea huo mwaka 1893, mashamba ya Tanga yaliishi kwa mikono ya watu waliotoka mbali: Wanyamwezi, Wabena, Wangoni, Wamakonde, Waha, hata Warundi. Waliitwa manamba, na kuanzia 1944 kazi ya kuwakusanya ilikuwa na ofisi yake maalumu, SILABU. Walipangwa kambini pamoja na watu ambao babu zao walipigana na babu zao, wakajikuta wageni wa Wazigua, Wabondei na Wasambaa waliokuwa wenyeji. Watu wa namna hiyo wanakaaje bila kuchinjana? Sehemu kubwa ya jibu ni utani. Mnyamwezi na Mzaramo walikwisha kuwa watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani, na simulizi nyingi zinaeleza kwamba Wangoni walipata watani wao kwa wale waliowahi kupigana nao vita. Jambo hili lilimshangaza hata Reginald Moreau, Mwingereza aliyekuwa akichunguza ndege katika kituo cha utafiti cha Amani, pale Usambara ya mashariki, kiasi kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1940 aliwaacha ndege wake kidogo akaandika kuhusu utani wa makabila ya Tanganyika. Haikumlazimu kwenda mbali kuutafuta.

Aliyewahi kuona mtani akiingia msibani anajua kinachofanyika. Wafiwa wanalia, yeye anacheka. Anaigiza mwendo wa marehemu, anamtaja kwa ubahili wake na madeni yake, analizuia jeneza mpaka apewe chochote, analala kaburini na kudai nafasi ile ni yake. Mgeni asiyejua mila atataka apigwe. Lakini ni yeye huyo aliyeamka mapema kuchimba kaburi, ni yeye anayesimamia chakula cha waombolezaji, na wafiwa wasipomwona watauliza amekwama wapi. Kejeli yake ina kazi: inamwambia mfiwa kwamba dunia haijasimama. Haki ya kumcheka mtu siku ya msiba wake hapewi adui, wala hapewi mpita njia.

Sasa tuingie kibanda umiza usiku wa mtoano. Mabenchi ya mbao, king'amuzi juu ya kabati, bango la chaki mlangoni lenye majina ya timu yaliyokosewa herufi, na watu wamekaa kwa pande kama wamepangwa na msimamizi. Mwaka ule wa 2024 kulikuwa na kituko cha rangi ambacho wahubiri wa uzalendo hawakukitazama vizuri. Al Ahly huvaa nyekundu, na nyekundu ni ya Simba. Mamelodi huvaa njano, na njano ni ya Yanga. Kwa hiyo shabiki wa Yanga aliyetaka kumkera mwenzake ilibidi avae rangi ambayo mwaka mzima haigusi, na wa Simba vivyo hivyo. Mtu aliyehamia kweli upande wa wageni asingeonekana hivyo. Huyu ni mtani aliyevaa nguo za marehemu.

Na matokeo yakawa kama yameandikwa na mtunzi mwenye ukorofi. Usiku wa tarehe 5 Aprili Simba walifungwa mabao 2 kwa 0 jijini Cairo baada ya kufungwa 1 kwa 0 nyumbani, na usiku huohuo Yanga, waliokuwa wametoka 0 kwa 0 mara mbili, wakatolewa kwa penalti 3 kwa 2 huko Pretoria, huku shuti la Aziz Ki lililogonga mwamba na kudunda chini likibaki ubishi mpaka leo. Kila mmoja akawa mfiwa na mtani kwa saa zilezile. Wa Simba aliyeitwa Mwakarobo, kwa sababu timu yake ilikuwa ikiishia robo fainali tangu 2019, alipata jibu la kumrudishia Utopolo, yaani mwenzake wa Yanga, kabla hata machozi yake hayajakauka. Sijui ni hotuba gani ya umoja ingewafariji watu wale kwa haraka namna hiyo.

Wanaopinga wana hoja, na iliyo nzito ni hii: mgawanyiko unatugharimu makombe. Simba walipoteza fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993 mbele ya Stella ya Abidjan, wakiwa kwao Dar es Salaam. Yanga walipoteza Kombe la Shirikisho mwaka 2023 kwa USM Alger, walipofungwa 2 kwa 1 nyumbani na kwenda kushinda 1 kwa 0 Algiers, kombe likaondoka kwa kanuni ya bao la ugenini. Simba tena, Mei 2025, katika fainali ya kombe hilohilo, walilala 2 kwa 0 ugenini kwa Berkane ya Morocco na kutoka sare ya 1 kwa 1 Uwanja wa Amaan, Zanzibar. Lakini ukizichambua fainali hizo huoni mahali ambapo zomeazomea ya mtani iliingiza mpira wavuni. Pale Amaan, Mutale wa Simba alifunga mapema, kisha mwenzake Kagoma akatolewa kwa kadi nyekundu, na Berkane wakasawazisha dakika za nyongeza. Hayo ni mambo ya uwanjani. Tena watazame haohao Al Ahly. Wana makombe 12 ya Ligi ya Mabingwa, na hakuna anayedhani waliyapata kwa sababu mashabiki wa mahasimu wao Zamalek waliwapigia makofi. Kule Marekani, timu za baseball hucheza mechi 162 kabla ya kufika mtoano wa Oktoba, na Yankees walipofungwa na Dodgers mwaka 2024, mashabiki wa Mets wa jiji lilelile la New York hawakutarajiwa kuvaa nguo nyeusi. Utaniambia Dodgers si wageni. Sawa, lakini klabu pia si taifa. Ile Yanga ya 2023 ilifungiwa mabao yake na Mayele wa Kongo, Simba kwa miaka ilimtegemea Chama wa Zambia, na mwaka 2024 Chama huyohuyo akahamia Yanga. Tunayo timu ya taifa, na Taifa Stars ilipoifunga Uganda 3 kwa 0 Machi 2019, ikafuzu AFCON baada ya miaka 39, hakuna waziri aliyehitaji kuwakumbusha Simba na Yanga washangilie pamoja.

Hoja ya pili ni kwamba matusi yanavuka mipaka na watu huumizana. Hilo ni kweli, na halitetewi hapa. Utani una masharti: anayetaniwa naye ana haki ya kutania kesho, na asiye mtani hana ruhusa. Anayempiga mtu kwa sababu ya jezi amejitoa mwenyewe katika utani, na dawa yake ni polisi. Ila ningewaomba wanaolilia maadili vibandani watazame kitu kingine kinachokaa kimya kwenye simu za vijana wetu. Mkeka. Kijana wa Simba anayeweka pesa kwa Al Ahly kwa sababu ndiko uwezekano uliko hana tena wa kumcheka wala wa kumlilia. Timu yake ikishinda mkeka wake unachanika, ikifungwa anashukuru chinichini. Huyo hana mtani, na nadhani hana timu pia. Jezi ya kuazima huvuliwa usiku uleule, lakini tabia ya kuihesabu timu yako kama tarakimu sijaona inavyovuliwa. Ajabu ni kwamba kampuni za kubeti zinapewa nafasi kifuani mwa jezi hizohizo tunazoambiwa tuziheshimu.

Ipo pia hoja ya tatu, ya wenyeji wa Tanga: kwa nini mtu wa Korogwe afe kwa timu za Kariakoo wakati mkoa una Coastal Union, mabingwa wa nchi wa 1988, na African Sports? Swali zuri, na jibu lake halihitaji maneno mengi. Coastal walimaliza nafasi ya nne msimu wa 2023/24 na kupata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Tiketi ya nafasi ya nne ilikuwepo kwa sababu Tanzania ina nafasi nne CAF, na nafasi hizo zilikuja kwa pointi zilizokusanywa hasa na Simba, baadaye na Yanga, katika miaka ileile ya kuishia robo. Coastal walitolewa mapema na Bravos do Maquis ya Angola. Lakini shabiki wao wa Kwashemshi ambaye ni Yanga pia, aliyekesha akiwacheka Mwakarobo msimu baada ya msimu, alikwenda Afrika kwa mgongo wao, na Wasimba wa kambini wana haki zote za kumkumbusha.