Jikoni Ndiko Chuoni

Sisi watu wa pwani tuna ila moja: tukisikia neno mapishi, twadhani tunasemwa sisi peke yetu. Twajisifu kwa pilau, biriani na samaki wa kupaka, kisha twautazama upande wa bara kana kwamba huko watu huchemsha tu, wakala, wakalala. Leo twawaomba wasomaji watukufu radhi tulivuke Bonde la Ufa twende hadi ukingoni mwa Ziwa Viktoria, katika kaunti mbili za Homa Bay na Migori, ambazo zamani zilikuwa wilaya moja kubwa ya Nyanza Kusini. Huko kuna jambo la kujifunza, na la kusikitisha pia.

Kwanza, mwenye haki apewe haki yake. Katika rasi ya Homa, mahali paitwapo Nyayanga, wachunguzi wa mambo ya kale wamefukua mawe ya kupondea na vipande vikali vya mawe vya kukatia, pamoja na mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa. Habari hizo zilitangazwa mwaka 2023, na umri wa zana hizo wakadiriwa kuwa baina ya miaka milioni 2.6 na milioni 3. Zilitumiwa kukatia nyama, na kupondea mimea vilevile, zama ambazo moto wa kupikia ulikuwa haujajulikana bado. Basi kama kuna mahali duniani panapostahili kuitwa jiko la kale, Homa Bay haikosi kutajwa, na sisi wa biriani tu wageni wa juzi.

Ukija karibu na zama zetu, kule Migori kuna Thimlich Ohinga, boma la kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo, linalodhaniwa kuwa lilijengwa karne ya 16. Shirika la UNESCO lililitia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Wageni huja wakazipiga picha kuta hizo, na ni haki yao. Lakini kuta hazikujengwa kwa ajili ya kuta. Zilijengwa kuwahifadhi watu na mifugo, yaani mama aliyekuwa mle ndani akisonga sima, wanawe waliokuwa wakiingojea, na ng'ombe wao wa maziwa. Ukuta leo umepata mlinzi na cheti. Je, sima na chungu vimepata nini?

Hilo ndilo swali letu. Na tusije tukadhani kuwa ni swali la tumbo tu.

Chukua mboga za majani, ambazo Wajaluo huziita kwa jumla alot. Kuna osuga, ndio mnavu wetu. Kuna dek au akeyo, ndio mgagani. Kuna apoth, ndio mlenda. Kuna bo, majani ya kunde. Na kuna mito na nyinginezo. Baadhi yake ni chungu kwelikweli, wala uchungu huo si kasoro. Ni kazi aliyopewa mpishi aufuge. Mboga huchemshwa, maji ya kwanza yakamwagwa, zikatiwa maziwa na kuachwa katika chungu. Kesho yake hupashwa moto tena na kuongezwa maziwa, na kesho kutwa vivyo hivyo, mpaka uchungu na maziwa vipatane kama mke na mume waliokwisha kuzoeana. Mwenye haraka hawezi kazi hiyo. Ndipo tunaposema kwamba uchungu wataka chungu: chombo cha udongo kisichowaka mbio wala kupoa mbio, kinachoweza kukaa pembeni ya moto mdogo kutwa nzima.

Hali kadhalika samaki. Aliyekosa friji hakukosa akili. Samaki mkubwa hupasuliwa akaanikwa juani, akaitwa obambla. Omena, ambao ni dagaa, huanikwa ufuoni. Nyama hukatwa vipande virefu, ikakaushwa ikawa aliya, na siku ya mgeni ikapikwa kwa samli. Sima yenyewe, kuon, kabla mahindi hayajatawala ilikuwa ya mtama na wimbi, nafaka zinazovumilia ukame. Upande wa Kuria, mashariki mwa Migori, sima ya wimbi na maziwa ya mgando ndicho chakula cha heshima hadi leo. Mwenye kuitazama orodha hiyo kwa makini ataona kuwa si orodha ya vyakula tu. Ni elimu ya akiba, ya namna nyumba inavyouvuka mwezi wa njaa bila kubisha hodi kwa jirani.

Basi elimu hiyo ilisomeshwa wapi, na nani?

Tuanze na chungu, agulu. Udongo huchimbwa, hulowekwa, hukandwa mpaka ushikamane, kisha huinuliwa kwa mikono mitupu bila gurudumu. Hulainishwa, hutiwa nakshi kwa kuvingirisha kikamba kilichosokotwa, huanikwa mpaka ukauke, ndipo huchomwa kwa moto wa wazi. Kwa Wajaluo hiyo ni kazi ya wanawake. Mtafiti Ingrid Herbich, katika makala aliyoyatoa mwaka 1987 juu ya wafinyanzi hao, alionyesha jambo ambalo laweza kumshangaza mtu wa mbali: aghalabu mwanamke hafunzwi ufinyanzi na mama yake mzazi. Hufunzwa baada ya kuolewa, na mavyaa wake, yaani mama mkwe, au na wake wenziwe. Hujifunza mkono wa mtaa aliooelewa, hata mitungi ya mtaa mmoja ikajulikana kwa umbo na nakshi zake mbali na ya mtaa wa pili.

Tuliolelewa vyuoni, tukasoma kwa ubao na wino mbele ya mwalimu, twaifahamu vyema njia hiyo. Huko elimu haikuwa karatasi, ilikuwa silsila. Mwalimu naye alikuwa na mwalimu wake, na huyo wake, na mwanafunzi aliketi miguuni pa mkubwa wake akasahihishwa herufi kwa herufi. Mkaza mwana wa Kijaluo mbele ya mavyaa wake hana tofauti na mwanafunzi huyo. Udongo ndio ubao wake.

Ilikuwapo pia siwindhe, nyumba ya mwanamke mkongwe walikolala watoto, wakasikia humo ngano, mafumbo na adabu. Kisa cha Simbi Nyaima ni cha namna hiyo. Simbi ni ziwa dogo la maji ya magadi karibu na Kendu Bay, na jina lake lina maana ya kijiji kilichozama. Wasimulizi husema kuwa palikuwa na karamu kijijini. Akaja ajuza akiomba chakula na mahali pa kujisitiri, watu wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemkirimu. Ajuza akamwonya aondoke upesi, na mvua ikanyesha mpaka kijiji chote kikawa chini ya maji. Msomaji wa Suratul Kahf ataukumbuka mji ulioombwa chakula na wageni wawili ukawanyima. Maziwa na bahari ni mbalimbali, lakini fundisho ni moja: nyumba hupimwa kwa sahani iliyo mbele ya mgeni. Mtoto aliyelisikia hilo usiku hakuhitaji kuandikiwa sheria ya ukarimu asubuhi.

Sasa tuitazame silsila ilipokatika. Wapo wanaosema kwamba wasichana wa leo ni wavivu, wamezoea sufuria na chakula cha pakiti. Sisi hatukubaliani nao. Mkaza mwana wa leo haketi boma moja na mavyaa wake. Anakaa chumba kimoja cha kupanga Nairobi au Mombasa, au yeye ndiye mwalimu na mwuguzi wa mji wa Migori, aondokaye alfajiri akarudi magharibi. Huenda kwa wakwe Disemba, siku tano au sita, ambazo ni za harusi, matanga na salamu. Mtoto wake naye yuko shule ya bweni, na usiku wake ni wa vitabu na kengele, si wa siwindhe. Walimu wapo na wanafunzi wapo. Mahali pa kukutana ndipo palipotoweka. Kumlaumu binti kwa hilo ni kumpiga mwanafunzi kwa kuwa chuo kimebomoka.

Wala hatusemi kila la kale lirudi. Jiwe la kusagia lilikuwa mzigo juu ya mgongo wa mwanamke, na kinu cha mashine kilipokuja kilikuwa rehema. Moshi wa kuni unaowasha macho hauna utamaduni ndani yake. Kinachofaa kuhifadhiwa ni maarifa, si mateso. Na maarifa hayo hayana sababu ya kuwa ya wasichana peke yao. Mvulana naye ana tumbo.

Lakini liko pigo jingine ambalo halikutoka nyumbani. Sangara, aitwaye mbuta na Wajaluo, alitiwa Ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameitawala biashara ya samaki. Ngege wa asili akakaribia kutoweka Ziwani. Anayeuzwa leo kwa jina la ngege aghalabu ni nyamami, ambaye naye aliletwa. Viwanda vikajengwa, minofu ikagandishwa ikaenda Ulaya na kwingineko, na ufuoni kikabaki kichwa na mifupa. Watu wakalipa baki hilo jina la Kiswahili fasaha, ambalo ni jina na shtaka kwa pamoja: mgongo wazi. Katika miaka ya 2010 samaki waliogandishwa kutoka Uchina waliingia hata masoko ya Kisumu, kando ya Ziwa lenyewe. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, lakini hawakudhani kuwa mvuvi naye atalia mfupani.

Na omena je? Dagaa huyo mdogo ndiye aliyebaki kuwa samaki wa kila nyumba. Huliwa mzima pamoja na mifupa yake, akampa mtoto protini na madini ya kukomaza mifupa kwa bei ambayo nyama haiwezi. Lakini sehemu kubwa yake hununuliwa kwa ajili ya chakula cha kuku na mifugo. Mama mchuuzi mwenye debe lake moja ashindana ufuoni na mwenye lori. Kuku wana haki ya kula, lakini kuku wa mjini asitangulizwe mbele ya mtoto wa Mbita au Muhuru.

Yapo ya kutia moyo. Mwaka 1999 Makumbusho ya Taifa ya Kenya yalichapisha kitabu kikubwa juu ya mimea ya chakula cha asili nchini, na mwaka 2021 UNESCO iliitia kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili katika daftari lake la mifano mizuri ya kuigwa. Mnavu na mgagani, zilizoitwa mboga za maskini, leo zauzwa katika maduka makubwa ya Nairobi. Hata hivyo tusishangilie upesi. Majani yamefika mjini, mwalimu wake amebaki Ndhiwa. Mnunuzi huyatia katika sufuria kwa kitunguu na nyanya, robo saa yakaepuliwa, kisha akalalamika kuwa ni machungu.

La kufanywa ni lipi? Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali lake la Nne, imezipa serikali za kaunti kazi ya kilimo na uvuvi, kazi ya masoko, na kazi ya shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya ufundi wa nyumbani. Vituo hivyo vimetajwa waziwazi katika sheria kuu ya nchi. Ni juu ya Homa Bay na Migori kuvitumia. Mfinyanzi mkongwe na mpishi hodari waajiriwe humo kwa jina la walimu na walipwe mshahara wa walimu, wasiitwe siku ya sherehe tu kupamba jukwaa. Mabinti na vijana walio likizo wapewe wiki mbili tatu za kuketi nao, na siwindhe ipewe paa jipya. Soko la kaunti litenge mahali penye kivuli kwa wauza vyungu na mikeka, wasifukuzwe kando ya barabara. Mashamba ya udongo mzuri yaandikwe na kulindwa, yasijengewe pasi na kuuliza. Na shule zinazowalisha watoto zinunue kwanza omena, mtama na mboga za wakulima wa jirani.

Hayo hayahitaji mabilioni. Yahitaji mtu mwenye cheo aamini kwamba mwanamke asiyejua kusoma, lakini anayejua ni siku ya ngapi mgagani huacha uchungu, ni mwanachuoni. Wanachuoni wa namna hiyo hawaandiki vitabu. Akizikwa mmoja bila mwanafunzi, hakuna maktaba ya kwenda kumtafuta.

Wafinyanzi wenyewe wanajua wakati wa kazi ni upi, nasi twawaazima neno waheshimiwa wa kaunti hizo mbili: udongo uwahi ungali maji.