Dhamana kwa washitakiwa wa mauaji: Somo la Kahama

Septemba 2009, Mahakama Kuu iliyoketi Kahama, mkoani Shinyanga, iliwahukumu kunyongwa watu watatu kwa kumuua mvulana mwenye ualbino huko Bukombe, wilaya ambayo tangu mwaka 2012 imo mkoani Geita. Hukumu hiyo ilitolewa kabla ya mwaka kwisha tangu mauaji hayo.

Kasi hiyo ina uzito katika mjadala wa dhamana. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, katika kifungu kilichojulikana kama 148(5), huwanyima dhamana washitakiwa wa mauaji na wa unyang'anyi wa kutumia silaha. Mei 2020 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu hicho kinakiuka Katiba. Agosti mwaka huo Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo.

Kuwalinda mashahidi wanaoishi jirani na washitakiwa ni hoja nzito. Hata hivyo, Katiba humhesabu mshitakiwa kuwa hana hatia hadi ithibitike vinginevyo, ilhali kifungu hicho hakimpi hakimu nafasi ya kumpima kila mmoja. Pasipo dhamana, kinga iliyobaki kwa asiye na hatia ni upelelezi wa haraka. Kahama ilithibitisha kuwa jambo hilo linawezekana.