Kibofu Kisichongoja Amri

Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo ambalo nyumba nyingi hulificha: mtu kulowa mkojo kwa sababu mishipa ya fahamu inayoongoza kibofu imeharibika. Hapa Ihanja huwapata watoto waliozaliwa na mgongo wazi, na pia watu wazima waliopata ajali, kiharusi au kifua kikuu cha uti wa mgongo. Mama mmoja aliniuliza, "Nesi, nasikia Ulaya kuna dawa ya kibofu inayotokana na pilipili. Je, naweza kumtengenezea mwanangu?" Swali lake linastahili jibu kamili.

Kwanza tuelewe ugonjwa wenyewe. Kibofu ni mfuko wenye mlango chini. Kwa kawaida ubongo hutuma amri kupitia uti wa mgongo: mfuko ujikaze, mlango ufunguke. Njia hiyo ikiharibika, kibofu hujikaza bila kungoja amri, na mara nyingi mlango nao hukataa kufunguka. Mkojo kidogo huvuja, mwingine hubaki, na msukumo hurudi juu kwenye figo. Basi tusidhani hili ni tatizo la nguo na harufu tu. Figo zinaweza kuharibika taratibu, mtoto akiwa bado anacheza uani.

Habari ya pilipili ni ya kweli. Mwaka 1992 Daktari Clare Fowler na wenzake jijini London walieleza jinsi walivyoweka ndani ya kibofu kapsaisini, yaani kile kinachoifanya pilipili iwashe. Kusudi lilikuwa kuipumbaza mishipa inayokichochea kibofu bila sababu. Wagonjwa wengine walipata nafuu, lakini dawa iliwachoma sana. Baadaye ikajaribiwa resiniferatoksini, inayotoka katika utomvu wa mmea wa Moroko ulio wa jamii moja na mnyaa tunaoupanda kuwa ua. Hata hizo hazikuwa tiba ya kawaida hospitalini.

Kwa hiyo mama, usithubutu kumwekea mtoto pilipili wala utomvu wa mnyaa. Mnyaa huunguza ngozi na unaweza kudhuru macho. Wale madaktari walitumia vipimo maalumu, mgonjwa akiwa chini ya uangalizi.

Majaribio mengine yalizaa matunda. Sindano ya Botox, ambayo hudungwa ndani ya msuli wa kibofu ili ulegee, iliruhusiwa Marekani mwaka 2011 kwa watu wazima wenye ugonjwa huu, na mwaka 2021 kwa watoto kuanzia miaka 5. Nguvu yake huisha baada ya miezi kadhaa, ikabidi kurudiwa. Mwaka huo wa 2021 mirabegroni, dawa ya kunywa, nayo iliruhusiwa huko kwa watoto kuanzia miaka 3. Hizi ni dawa za gharama, na Botox huhitaji daktari bingwa.

Lakini usikae ukingojea dawa ya mbali wakati iliyo karibu ipo. Mwaka 1972 Daktari Jack Lapides wa Marekani alionyesha kwamba mgonjwa anaweza kutoa mkojo mwenyewe kwa mpira mwembamba ulio safi, mara kadhaa kwa siku. Mama hufundishwa kumfanyia mtoto mdogo, na mtoto akikua hujifanyia mwenyewe. Nawa mikono kwa sabuni, safisha mpira kama ulivyoelekezwa, na shika saa. Mara nyingi daktari huongeza oksibutinini, dawa ya siku nyingi inayotuliza kibofu. Hukausha mdomo, hufunga choo na hupunguza jasho. Basi wakati wa jua kali mweke mtoto kivulini.

Usimnyime mtoto maji ili asilowe. Akipata homa, akitapika, au mkojo ukiwa na damu au harufu mbaya, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Omba pia figo zake zipimwe mara kwa mara, hata kama anaonekana mzima.

Na mama aliyeanza kuvuja baada ya uchungu wa muda mrefu huenda ana fistula. Huyo hatibiwi kwa dawa hizi; mara nyingi huhitaji upasuaji. Asijifiche.

Ikitokea siku ukaombwa kumwingiza mtoto katika majaribio ya dawa, usiogope kuuliza. Je, yameidhinishwa na NIMR, na dawa yenyewe imepata kibali cha TMDA? Madhara yake ni yapi? Nani atamtibu mtoto akidhurika? Una haki ya kuelezwa kwa lugha unayoielewa, ya kukataa, na ya kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu ya kawaida.

Mtoto huyu hakulaaniwa, wala si mvivu. Mwambie mwalimu wake faraghani kwamba anahitaji kutoka darasani kwa saa zake, ili asiache shule kwa aibu.